Kupenda na Kuhukumu

Kuchagua kitu kimoja kati ya vingi na kukiita kipenzi huonekana kuwa jambo jepesi lisilohitaji falsafa. Mtoto huchagua tunda, msichana huchagua kanga, mzee huchagua mahali pake barazani, wala hapana awaulizaye sababu. Lakini yako machaguo ambayo mtu hayafanyi kwa ulimi wala kwa jicho peke yake. Huyafanya kwa akili na moyo pamoja, na akisha kuyafanya huyatetea mbele ya watu kama atetewavyo mtu mwenye haki. Mojawapo ni chaguo la mpenda muziki ambaye hukusanya santuri nyingi za simfoni moja, akasikiliza hii, akailinganisha na ile, ili mwishoni apate kusema: Hii ndiyo. Ndani ya neno hilo fupi yamo mambo matatu ambayo kwa desturi hayatengwi. Na kwa kutotengwa kwake watu wengi wema huwadhulumu wenzao, na pengine hujidhulumu wenyewe.

Mfano ufaao kuliko mingine ni Simfoni ya Tisa ya Ludwig van Beethoven. Utungo huu una sehemu nne, na kuupiga wote huchukua saa moja au zaidi. Sehemu tatu za kwanza ni za vyombo vitupu. Katika sehemu ya nne huingia sauti za binadamu, waimbaji wanne wa pekee na kwaya, ambao huimba maneno yaliyotolewa katika shairi la Friedrich Schiller la mwaka 1785, lenye kusifu furaha na undugu wa watu wote. Ulisikiwa kwa mara ya kwanza Vienna, tarehe 7 Mei 1824. Kwa ukubwa wake na kwa ujumbe wake simfoni hii imerekodiwa mara nyingi sana, na viongozi wa okestra wenye sifa wameiona kuwa mtihani ambao hauwezi kuepukwa.

Kazi ya mwandishi wa hadithi hukamilika anapoweka kalamu chini, maana msomaji aweza kuisoma peke yake, kimya. Kazi ya mtunzi wa simfoni haikamiliki hivyo. Hati ya noti ni bubu mpaka kundi kubwa la watu, ambalo kwa simfoni hii pamoja na kwaya yake huzidi mia, likubaliane kuitia pumzi. Hati huonyesha sauti ipi ifuate ipi, chombo gani kilie, wapi pawe na kishindo na wapi pawe na upole. Haionyeshi kishindo hicho kiwe kikubwa kadiri gani, wala kimya kilicho kati ya sauti mbili kidumu muda gani kabla hakijageuka kuwa uzito moyoni mwa msikilizaji. Ndiyo sababu hati moja huzaa miziki mingi, kama utenzi mmoja ulioandikwa kwa herufi zile zile unavyokuwa mwingine kila unapoghaniwa kwa mahadhi mengine.

Katika mashauri ya kawaida hitilafu za namna hii huamuliwa kwa kumwuliza mwenye mali. Hapa mwenye mali hawezi kusaidia. Siku simfoni ilipopigwa mara ya kwanza Beethoven alikuwa kiziwi. Alikuwapo jukwaani karibu na kiongozi Michael Umlauf, akionyesha mwendo wa kila sehemu, na imesimuliwa kwamba wapigaji walikuwa wameagizwa wamtazame Umlauf, wasimtazame mtunzi. Imesimuliwa pia kwamba makofi yalipovuma hakuyasikia, hata mwimbaji kijana Caroline Unger akamgeuza apate kuuona ukumbi uliokuwa ukimshangilia. Alikufa mwaka 1827. Aliyeitunga simfoni hii hakuisikia kwa masikio yake hata mara moja. Basi hapana asili iliyopotea ambayo santuri zote zingeweza kupimwa kwayo. Kila santuri ni shahidi wa tukio ambalo hata mtunzi alilijua kwa fikira tu.

Hata hivyo aliacha wasia wa namna yake. Mwaka 1826 alimtajia mtoto wa nduguye, Karl, tarakimu za mwendo wa kila sehemu kwa kipimo cha metronomu, chombo kigongacho mapigo sawasawa, ambacho Johann Maelzel alikipatia hataza mwaka 1815. Sehemu ya kwanza aliipa mapigo 88 kwa dakika. Ya tatu, iliyo ya polepole, aliipa 60. Wengi waliokuja baada yake waliona tarakimu hizo zina haraka kupita kiasi. Wako waliosema metronomu yake ilikuwa mbovu. Wako waliosema kwamba kiziwi husikia muziki kichwani kwa kasi isiyoweza kutimizwa ukumbini na watu wenye vidole na mapafu. Na wako waliosema kwamba wasia ni wasia, wala mrithi hana ruhusa ya kusoma yale tu yampendezayo.

Kwa karibu miaka mia moja baada ya 1824 ugomvi huu ulikuwa wa wanamuziki peke yao. Mtu wa Leipzig au London aliisikia simfoni hii mara chache maishani mwake, na alipotaka kulinganisha, alilinganisha usiku wa jana na kumbukumbu ya miaka kumi iliyopita. Na kumbukumbu ni shahidi apendaye kumridhisha amwulizaye. Santuri zilibadili hali hiyo. Mwaka 1923 Bruno Seidler-Winkler aliirekodi simfoni nzima huko Berlin. Mwaka 1935 Felix Weingartner aliirekodi Vienna pamoja na okestra ya Vienna Philharmonic. Upande mmoja wa santuri za siku hizo ulichukua dakika nne au tano tu, hata ilimpasa msikilizaji kuinuka kitini mara nyingi kabla ya kuifikia kwaya. Mwaka 1948 zikatoka Marekani santuri za muda mrefu, ambazo upande wake mmoja ulichukua zaidi ya dakika ishirini. Zikafuata kanda, kisha diski ndogo katika mwaka 1982. Na leo mtu mwenye simu mkononi aweza kusikiliza katika usiku mmoja yale ambayo babu yake asingeyasikia katika umri mzima. Kila msikilizaji amefanywa hakimu, apende asipende.

Na atazamwe hakimu huyo akiwa kazini. Amechukua sehemu ya tatu peke yake, ambayo ndani yake fidla huzungusha wimbo mmoja mpole kwa namna nyingi, kila mara zikiupamba zaidi, mpaka karibu na mwisho ambapo tarumbeta na baragumu hukatiza mara mbili kwa mwito mkali. Kwanza asikiliza upigaji wa Wilhelm Furtwängler wa tarehe 29 Julai 1951, siku tamasha la Bayreuth lilipofunguliwa tena baada ya vita. Sehemu hiyo yachukua karibu dakika 20. Kisha asikiliza upigaji wa Arturo Toscanini wa mwaka 1952 pamoja na okestra ya NBC, New York. Yachukua kama dakika 14. Mwisho asikiliza ule wa Roger Norrington wa mwaka 1987, uliopigwa kwa vyombo vya namna ya zama za Beethoven; yachukua kama dakika 11. Hati ni moja, wala hapana aliyekata ukurasa, na kati ya wa kwanza na wa tatu pana tofauti ya dakika kama tisa.

Kwa Furtwängler wimbo hunyoshwa hata msikilizaji akasahau kwamba kuna mapigo. Na mwito wa tarumbeta unapofika humpata kama mtu aliyeamshwa katika sala. Kwa Toscanini fidla huimba kama mwimbaji mwenye pumzi ndefu, asiyekata neno katikati wala asiyelia mbele ya watu. Kwa Norrington muziki una miguu. Hutembea, na karibu ungecheza, na sauti za vyombo vya kupuliza husikika kila moja kwa rangi yake, kwa kuwa nyuzi za utumbo zilizopigwa bila mtetemo mwingi hazizifuniki. Aliyesikiliza hao watatu kwa moyo safi hujiona kama mtu aliyeambiwa habari za maiti mmoja na mjane wake, na mtoto wake, na mshirika wake katika biashara. Wote wanamsema mtu yule yule, na hapana aliyesema uongo.

Hapa ndipo huzuka neno uaminifu, nalo ni neno la maadili, si la muziki. Kila upande hudai ni lake. Mmoja husema mwaminifu ni yule afuataye herufi: aliloandika mtunzi lipigwe, na asiloandika lisipigwe. Wa pili husema mwaminifu ni yule afuataye roho: herufi ni ganda, na mwenye kutoa ganda bila kiini hakutoa amana. Richard Wagner, ambaye aliiongoza simfoni hii Dresden mwaka 1846 na Bayreuth mwaka 1872, aliandika mwaka 1873 kwamba baadhi ya mahali inafaa vyombo vibadilishiwe kazi, kwa sababu baragumu na tarumbeta za zama za Beethoven hazikuwa na sauti zote, na nyimbo nyingine huzama katika kelele za okestra kubwa. Viongozi wengi walimfuata. Toscanini alisifiwa duniani kwa kudai kwamba muziki upigwe kama ulivyoandikwa. Naye pia aligusa hati za Beethoven mahali kadha wa kadha. Na herufi yenyewe haikuwa salama. Mwaka 1996 Jonathan Del Mar alitoa chapa mpya ya simfoni hii, baada ya kulinganisha hati za mkono na chapa za zamani, akaonyesha kwamba baadhi ya mambo yaliyopigwa kwa vizazi yalikuwa makosa ya wanakili na wachapaji. Basi aliyefuata herufi alifuata pengine kosa la mwandishi wa karani, na aliyefuata roho alifuata pengine roho yake mwenyewe.

Hakimu mwenye busara hujichunguza kabla ya kuwachunguza mashahidi, na msikilizaji ana rushwa nyingi za kuogopa. Ya kwanza ni mazoea: santuri aliyoisikia kwanza katika ujana humfanyia masikio yake, na zote zifuatazo huonekana zimepotoka njia. Ya pili ni jina: bahasha yenye picha ya mzee mashuhuri husikika vizuri kabla sindano haijagusa santuri. Ya tatu ni ya mwili, nayo ni ya hila zaidi: kati ya rekodi mbili zilizo sawa, ile yenye sauti iliyopandishwa kidogo tu hudhaniwa kuwa njema, wala mwenye kudhani hajui kilichomshawishi. Ya nne ni watu: mtu hupenda kile ambacho wenzake wenye elimu wamekwisha kipenda, ili asionekane mshamba. Dawa za maradhi haya zinajulikana. Majina yafichwe, kiasi cha sauti kisawazishwe, mahali pamoja pa muziki palinganishwe na mahali pale pale, na hukumu ya usiku irudiwe asubuhi, na ya mwaka huu irudiwe mwaka ujao. Mwenye kufanya hivyo bado hana hakika ya kupata kweli, lakini ana haki ya kusema kwamba hakukubali hongo.

Na hata shahidi aliyeaminiwa yafaa aulizwe habari zake. Upigaji wa Bayreuth wa mwaka 1951 ulitolewa kwa santuri na kampuni ya EMI, ukapendwa na wengi kama sauti halisi ya usiku ule. Zaidi ya nusu karne baadaye ilitolewa kanda iliyokuwa imehifadhiwa na redio ya Bavaria, na wasikilizaji wakatambua kwamba hizo mbili hazifanani kila mahali. Tangu hapo wajuzi wamebishana ni kiasi gani cha santuri ya kwanza kilitoka katika mazoezi. Kwa hiyo kipenzi cha maelfu ya watu chaweza kuwa nguo iliyoshonwa kwa vitambaa viwili. Hakuna aliyekosa kwa kuipenda. Aliyekosa ni yule tu aliyekuwa akiwaapia wenzake kwamba haina mshono.

Mpaka hapa suala ni la masikio na akili. Lakini iko santuri moja ambayo huingiza suala jingine, na kila apendaye simfoni hii hukutana nayo punde au baadaye. Ni upigaji wa Furtwängler na okestra ya Berlin Philharmonic wa mwezi wa Machi mwaka 1942. Ulirekodiwa Berlin katika ukumbi wa Philharmonie wa zamani, ambao miaka miwili baadaye ulibomolewa kwa mabomu. Baada ya vita kanda nyingi za redio ya Ujerumani zilichukuliwa zikapelekwa Urusi ya Kisovieti, na huko upigaji huo ukatolewa kwa santuri. Wengi walioisikia, wakiwamo wasiokuwa na huruma hata kidogo na utawala wa Nazi, wamekiri kwamba hawajapata kusikia simfoni hii ikipigwa kwa moto kama ule. Ngoma za sehemu ya kwanza hupasuka kama dari iangukayo, na kwaya huimba kama watu wanaotafuta mlango.

Lakini mahali na mwaka vina maneno yao. Tarehe 20 Januari 1942, pembeni mwa mji huo huo, kando ya ziwa Wannsee, wakuu wa serikali ya Ujerumani walikutana kupanga namna ya kuendesha mauaji ya Wayahudi wa Ulaya. Miezi miwili baadaye, katika mji huo, kwaya iliimba undugu wa watu wote. Tarehe 19 Aprili, mkesha wa siku ya kuzaliwa Adolf Hitler, Furtwängler aliiongoza tena simfoni hiyo hiyo katika sherehe ya chama, na filamu iliyosalia humwonyesha waziri Joseph Goebbels akimwendea jukwaani na kumpa mkono. Haifai kusahau upande wa pili. Mwaka 1934 Furtwängler alimtetea hadharani mtunzi Paul Hindemith na akajiuzulu vyeo vyake. Na shauri lake liliposikilizwa Desemba 1946 walitokea mashahidi waliosema kwamba aliwasaidia Wayahudi, naye akaachiliwa. Lakini hakuihama nchi, na sanaa yake ilikuwa pambo la dola lililoonyeshwa kwa wageni.

Toscanini alifuata njia nyingine. Mwaka 1931 huko Bologna alikataa kupiga wimbo wa Mafashisti, akapigwa makofi na wafuasi wao. Mwaka 1933 alikataa kurudi Bayreuth kwa sababu ya yale waliyotendewa wanamuziki Wayahudi. Mwaka 1936 alikwenda Tel Aviv kuongoza tamasha la kwanza la okestra iliyoundwa na Wayahudi wengi waliokimbia Ulaya. Sasa msikilizaji aliye na santuri hizo mbili mezani, ya 1942 na ya 1952, na ambaye masikio yake yamechagua ile ya kwanza, amefanya dhambi?

Jawabu moja husema ndiyo: jicho lisiangalie, sikio lisisikie, maana kufurahia kazi ya mkono ulioshikana na muuaji ni kushiriki katika mkono huo. Jawabu hili lina heshima kwa waliokufa, na hapana mwenye haki ya kumcheka atakayelishika. Walakini lina kasoro. Humtaka mtu aseme kwamba hakusikia alichokisikia, na uongo haujapata kuwa sadaka inayowafaa marehemu. Jawabu la pili husema sanaa ni sanaa na siasa ni siasa, na kwamba nyuzi za fidla hazina chama. Jawabu hili lina utulivu, lakini utulivu wake ni wa mtu aliyefunga dirisha. Walioketi ukumbini tarehe 19 Aprili hawakuona kwamba fidla hazina chama. Ndiyo sababu walizileta.

Liko jawabu la tatu, zuri kwa sura, ambalo lapasa kuangaliwa kwa uangalifu zaidi. Husema kwamba ule moto wa Machi 1942 ni upinzani. Kwamba Furtwängler, asipoweza kusema kwa kinywa, alilia kwa ngoma. Huenda. Lakini sauti haina kiapo. Pigo lile lile laweza kuwa ghadhabu juu ya dhalimu, au hofu ya mabomu, au fahari ya taifa vitani, au maarifa ya kiongozi aliyejua kazi yake. Msikilizaji anayeikuta toba ndani ya ngoma ameiweka yeye mwenyewe humo, kwa kuwa anaipenda santuri na anatamani kuipenda bila deni. Rushwa hii ni ya tano, nayo hushinda zile nne kwa kuwa huvaa nguo za rehema.

Historia ya wimbo wenyewe yathibitisha kwamba muziki hauwezi kumkataa amtumiaye. Wimbo wa furaha wa sehemu ya nne ulichaguliwa na Baraza la Ulaya kuwa wimbo wake mwaka 1972. Mwaka 1974 wimbo huo huo, kwa maneno mengine, ulifanywa wimbo wa taifa wa Rhodesia, nchi ambayo wazungu wachache walikuwa wamejitangazia uhuru mwaka 1965 ili Waafrika walio wengi wasitawale. Ukatumiwa mpaka 1979. Mtunzi hakubadili noti, na noti hazikulalamika. Na tarehe 25 Desemba 1989, wiki chache baada ya ukuta wa Berlin kufunguliwa, Leonard Bernstein aliiongoza simfoni hii katika Berlin ya Mashariki, kwa okestra ya wapigaji kutoka nchi kadhaa, akabadili neno lililo kuu katika shairi, yaani furaha, akaweka uhuru mahali pake. Wako waliomlaumu kwa kugusa maandishi, na wako waliolia machozi. Wote walikuwa na sababu.

Basi yale mambo matatu yaliyomo katika neno Hii ndiyo yatengwe. La kwanza ni upendo. Huo hauamriwi, hutokea kwa mtu kama usingizi utokeavyo, wala hapana sheria ya kumlazimisha moyo uguswe na dakika 11 kama ulivyoguswa na dakika 20. La pili ni hukumu ya sanaa. Hiyo ni madai mbele ya watu, nayo huhitaji ushahidi: hati inasema nini, vyombo vilisikikaje, sehemu zilishikana au zilivunjika. La tatu ni hukumu ya mwenendo. Hiyo hutolewa juu ya matendo ya watu, kwa ushahidi wa matendo, nayo haipungui kwa sababu mtendaji alikuwa na kipaji. Dhuluma huanza mtu anapolipa deni la moja kwa fedha ya jingine. Asemaye kwamba santuri ni bora kwa kuwa anaipenda, amelipa deni la pili kwa fedha ya kwanza. Asemaye kwamba Furtwängler alikuwa safi kwa kuwa alipiga vizuri, amelipa la tatu kwa fedha ya pili. Na asemaye kwamba sehemu ya tatu ya Toscanini lazima iwe nzuri zaidi kwa kuwa alipigwa makofi Bologna, amelipa la pili kwa fedha ya tatu. Na ingawa fedha hiyo ni ya heshima, haikubaliwi katika duka lile. Ushujaa haununui mwendo wa fidla, wala fidla hazinunui msamaha.

Kwa hiyo aipendaye santuri ya Machi 1942 hana haja ya kuitupa, wala hana ruhusa ya kuitakasa. Aipende pamoja na tarehe yake. Asiisikilize kana kwamba ilipigwa mahali pasipo jina, katika mwaka usio na watu. Ikimgusa, ajue kwamba ameguswa na kitu ambacho kiliwagusa pia watu waliotoka ukumbini wakarudi katika ofisi zao kuendelea na kazi zao. Ujuzi huo hauiharibu simfoni. Huharibu tu ile imani ya watoto kwamba aguswaye na uzuri hawezi kutenda uovu. Na imani hiyo, baada ya mwaka 1942, haistahili kutunzwa.

Upande wa pili wa mizani nao una somo. Huko Kinshasa iko okestra ya waumini wa Kanisa la Kimbangu, iliyoundwa mwaka 1994 na Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu. Wengi wa wapigaji wake walijifunza muziki bila shule, kwa vyombo vichache vilivyopokezanwa, na vingine vikaundwa kwa mikono yao. Filamu juu yao iliyotoka mwaka 2010 huwaonyesha wakijiandaa kuipiga Simfoni ya Tisa, na umeme ukikatika wakiwa katikati ya kazi. Akiitwa hakimu wa sanaa kuupima upigaji wao kwa ule wa Vienna au Berlin, hukumu yake haitachukua muda. Lakini yuko anayeweza kusikiliza santuri zote zenye sifa, akajua kwa hakika ipi ni bora, na bado akaona kwamba maneno ya undugu hayajapata kumfikia kama yalipotoka katika vinywa vya watu wale. Mtu huyo hakukosea hesabu. Amejua tofauti ya kilicho bora na kilicho kipenzi, na ameviacha vyote viwili viishi.

Faida ya kulinganisha, basi, si kupata santuri moja ili nyingine zitupwe. Mwenye santuri moja huiona kuwa ndiyo simfoni. Mwenye kumi hutambua kwamba simfoni ni kubwa kuliko kila moja, na hata kuliko zote pamoja, maana bado wako watakaozaliwa na kuipiga. Kutafuta kipenzi humfundisha mtu kutoa sababu, kukiri udhaifu wa masikio yake, kuwaachia wenzake vipenzi vyao, na kurudi tena baada ya miaka kuona kama moyo umehama. Ukihama, hapana aibu; na usipohama, hapana fahari. Atakayeweka santuri ya Furtwängler na ya Toscanini katika rafu moja, akaandika kwenye kila moja mwaka na mahali ilipopigwa, amefanya jambo dogo la haki. Kisha na azipige, kila moja kwa siku yake.